Yuniti Moja: Historia Fupi ya Kiputo cha Hewa

Mwaka 1927 mwandishi Mwingereza Dorothy L. Sayers alichapisha riwaya ya upelelezi iitwayo Unnatural Death. Kama hujaisoma, pole, maana nakuharibia: silaha ni hewa. Hewa tupu ndani ya sirinji, ikisukumwa kwenye mshipa wa damu. Hakuna sumu wala jeraha la maana. Wasomaji walipenda, madaktari wakalalamika kwamba sirinji ya kawaida haibebi hewa ya kutosha kumuua mtu mzima namna ile, lakini wazo lilikuwa limeshatoka nje na halikurudi tena. Filamu ngapi umeona ambapo muuguzi bandia anaingia wodini usiku, anavuta hewa, na kamera inaisogelea ile sindano polepole?

Hofu yenyewe haikutoka hewani, samahani kwa mchezo wa maneno. Katika karne ya 17 Mtaliano Francesco Redi alikuwa tayari ameona kwamba ukipuliza hewa kwenye mishipa ya mnyama, anakufa. Na mwishoni mwa 1949 huko New Hampshire, Marekani, daktari Hermann Sander alijikuta mashakani kwa sababu ya maandishi yake mwenyewe: kwenye faili la mgonjwa wa saratani aliandika kwamba alimdunga hewa mililita 10, mara nne. Machi 1950 mahakama ilimwachilia. Magazeti yaliandika kesi hiyo kila siku, na hewa kwenye sindano ikazidi kupata jina baya.

Nimeanza na hofu hii kwa sababu ndiyo swali la kwanza watu huniuliza. Nina paka mwenye ugonjwa wa sukari. Ni dume la rangi ya machungwa, ana miaka kumi na moja, kilo tano, na kila saa kumi na mbili anadungwa insulini. Mtu akiona nimeinua sirinji kwenye mwanga wa dirisha, nikiigongagonga kwa ukucha, anauliza: hewa ikiingia si itamuua?

Jibu ni hapana. Insulini haidungwi kwenye mshipa wa damu. Inadungwa chini ya ngozi, pale ambapo ngozi ya paka inavutika kama shati kubwa. Kiputo kidogo kikiingia hapo kitanyonywa na mwili na kupotea. Hakina kesi.

Lakini bado nagongagonga, na sababu yake haimo kwenye riwaya ya Sayers. Imo kwenye hesabu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hesabu zangu ni za Form Four, na hapa zinatosha kabisa.

Insulini ya kawaida leo ina yuniti 100 katika mililita moja. Maana yake yuniti moja ni sehemu ya mia ya mililita, yaani milimita 10 za ujazo. Sasa chukua kiputo chenye kipenyo cha milimita mbili, kidogo kuliko punje ya mchele. Ujazo wake ni kama milimita 4.2. Kwenye sirinji, kiputo hicho kinakalia nafasi ya yuniti 0.42 za dawa. Binadamu anayejidunga yuniti 30 amepoteza asilimia moja na nusu hivi, na pengine hataona tofauti. Paka wangu anapata yuniti moja. Kiputo hichohicho kimemla asilimia 42 ya dozi.

Kiputo kikifika kipenyo cha milimita 2.7 hivi, kimejaa yuniti nzima. Ungekuwa umemdunga paka hewa tupu, ukafungasha vitu vyako, ukaenda kazini ukiamini umemtibu.

Kwa hivyo swali langu la historia ni hili: ilikuwaje tukawa na chombo ambacho kinamfanya kiputo kuwa si kitu kwa mtu mmoja, na kuwa kila kitu kwa mwingine?

Tuanze na sirinji. Mwaka 1656 huko Oxford, Christopher Wren, yule ambaye baadaye alijenga kanisa kuu la St Paul's jijini London, alimdunga mbwa dawa kwenye mshipa. Sindano yake ilikuwa unyoya wa ndege na mfuko wake ulikuwa kibofu cha mnyama. Karibu miaka mia mbili baadaye, 1844, Francis Rynd wa Dublin alitumia sindano yenye tundu kuingiza dawa ya maumivu chini ya ngozi. Mwaka 1853 Alexander Wood wa Edinburgh na Charles Pravaz wa Lyon, kila mmoja kivyake, walitumia sirinji yenye kijiti cha kusukuma na sindano yenye tundu. Wood alikuwa akitafuta njia ya kupeleka dawa ya jamii ya afyuni karibu na neva inayouma.

Unaona mwelekeo? Chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya maumivu ya mtu mzima. Mgonjwa analia, daktari anadunga, mgonjwa anatulia. Kama hajatulia, anaongezwa. Kipimo kilikuwa uso wa mgonjwa.

Insulini ilikuja na tabia tofauti kabisa. Mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondoa mbwa kongosho na mbwa akapata ugonjwa wa sukari. Hapo ikajulikana kwamba siri imo kwenye kongosho. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya John Macleod pale Toronto, walikuwa wakitengeneza dawa kutoka kongosho za mbwa na kuwadunga mbwa wengine waliotolewa kongosho. Mbwa wengi walikufa. Mmoja anakumbukwa kwa jina, Marjorie, kwa sababu dawa ilimweka hai kwa muda.

Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo katika hospitali ya Toronto. Alipewa mililita 15 za maji mazito ya rangi ya udongo, nusu kwenye kalio moja na nusu kwenye lingine. Haikufanya kazi vizuri na ilimletea jipu. Mwanakemia James Collip akaisafisha zaidi, na tarehe 23 Januari Thompson akadungwa tena. Safari hii sukari ilishuka. Kijana aliyekuwa anasubiri kufa akaishi miaka mingine kumi na tatu.

Mililita 15! Weka kiputo changu cha milimita mbili humo ndani ukitafute. Hakionekani hata kwenye hesabu.

Insulini ya kwanza kuuzwa nayo ilikuwa hafifu, yuniti 10 au 20 kwa mililita. Kwenye insulini ya yuniti 10, kiputo kile kile kinapunguza asilimia nne tu ya yuniti moja. Halafu watengenezaji wakajifunza kuikoleza. Ikaja ya 40, ikaja ya 80. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilianza kuhamia kwenye 100, na Uingereza ikafuata 1983. Sababu zilikuwa nzuri. Dawa ikikolea, mtu anadungwa maji kidogo, anaumia kidogo. Na nguvu moja ilikuwa lazima, kwa sababu mchanganyiko wa zamani ulikuwa hatari kweli. Kwa miaka mingi sirinji ya Uingereza ilikuwa na mistari 20 kwa mililita. Mstari mmoja ulikuwa yuniti moja, au mbili, au nne, ikitegemea umeshika kichupa gani. Mgonjwa aliyezoea kusema "mimi hudungwa mistari kumi" angeweza kuingia hospitali nyingine na kupewa dozi mara mbili.

Lakini kila dawa ilivyokolea, yuniti moja ilizidi kuwa ndogo na kiputo kikazidi kuwa kikubwa. Kiputo chenyewe hakikubadilika. Ni sisi tuliopunguza dunia inayokizunguka. Kwa mtu mzima hiyo ilikuwa faida tupu. Mwenye mwili mdogo ndiye aliyelipa, na hakuwa kwenye meza ya mazungumzo.

Hebu nieleze vile inaonekana hapa Nairobi. Sirinji za insulini ambazo mimi hupata kwa urahisi kwenye maduka ya dawa ni za mililita moja. Mistari yake inaruka yuniti mbili mbili: 2, 4, 6, hadi 100. Dozi ya paka wangu iko kati ya sifuri na mstari wa kwanza. Yaani haijaandikwa. Kuna sirinji ndogo za mililita 0.3, nyingine zina mistari ya nusu yuniti, na nikizisikia mahali navuka mji kuzifuata.

Aliyenifundisha kutumia hizo ndogo ni jirani yangu wa ghorofa ya tatu, ambaye mtoto wake alipatikana na ugonjwa wa sukari akiwa na miaka mitatu. Nilipanda kwake siku ya pili, sirinji mkononi, nikamuuliza lile swali la kila mtu.

"Mama, na hii hewa?"

"Hewa haina shida, kijana wangu. Shida ni dawa yenye haiko pale hewa iko."

Akanionyesha. Kwanza sukuma ndani ya kichupa hewa kiasi cha dawa unayotaka kutoa, la sivyo kichupa kitakuvuta kama chupa ya soda iliyofyonzwa. Geuza kichupa juu chini. Vuta polepole, kwa sababu ukivuta kwa haraka ndiyo unaalika viputo. Vuta zaidi ya unayohitaji, tuseme yuniti tano. Gonga kwa ukucha viputo vipande juu kwenye sindano, virudishe ndani ya kichupa pamoja na dawa ya ziada, simama kwenye mstari wako. Kama bado kuna kiputo, rudisha yote uanze upya. Na usitikise kichupa kama sharubati. Insulini nyingi zenye ukungu huviringishwa kati ya viganja, ingawa ziko aina za mifugo zenye maelekezo tofauti, kwa hivyo soma karatasi ya dawa yako.

"Wewe una paka, mimi nina mtoto," akasema. "Lakini hesabu ni moja."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kwa watoto wachanga wenye ugonjwa huu, dozi huwa ndogo kiasi kwamba kuna hospitali zinazoizimua insulini, kutoka 100 kurudi 10, ili iweze kupimika. Yaani ili kumtibu mtoto mchanga, dawa inarudishwa mwaka 1923.

Sasa, kuna maneno ambayo siwezi kuyakwepa. Jamaa mmoja hapa plot aliniambia bila kucheka: "Ati paka anadungwa insulini na kuna watu hawana?" Sikumjibu siku hiyo, na si kwa sababu swali ni la kijinga. Ni swali zuri. Mwaka 1923 wagunduzi wa Toronto waliuza hakimiliki yao kwa chuo kikuu kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isiwe ya matajiri. Tangu 1977 insulini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, orodha ya kwanza kabisa. Na bado, miaka mia baada ya Thompson, kuna wazazi wanaohesabu matone. Mtu akiniuliza kwa nini paka, anastahili jibu.

Jibu langu ni la kihistoria. Dawa hii haikuwahi kuwa ya binadamu peke yao. Mbwa wa Strasbourg na Toronto walilipa kwanza. Halafu sungura: neno lenyewe "yuniti" lilipimwa kwenye mwili wa sungura. Yuniti ilikuwa kiasi cha dawa kinachoshusha sukari ya sungura aliyenyimwa chakula hadi akapata degedege. Kila unaposoma mstari kwenye sirinji, unasoma sungura. Halafu ng'ombe na nguruwe: kwa miaka sitini insulini ya dunia ilitoka kwenye kongosho za vichinjio.

Na paka naye yumo. Kongosho la mtu mwenye kisukari cha aina ya pili mara nyingi huwa na uchafu wa protini uitwao amiloidi. Kwa miongo mingi haikujulikana ni protini gani. Mwaka 1987 Per Westermark na wenzake wa Sweden waliitambua, wakichunguza uvimbe wa kongosho la binadamu na kongosho la paka mwenye ugonjwa wa sukari. Kwa nini paka? Kwa sababu panya wa kawaida wa maabara hapati amiloidi hiyo, na paka anapata. Kisukari chake kinafanana na kile cha mjomba wako: umri, uzito, kukaa ndani. Homoni iliyopatikana hapo inaitwa amilini, na kufikia 2005 dawa iliyotengenezwa kwa kuiga homoni hiyo iliidhinishwa Marekani kwa watu wanaotumia insulini. Kwa hivyo paka hakuja kuomba makombo kwenye meza hii. Alichangia chakula.

Ajabu ni vile maendeleo yetu yalimwacha. Insulini ya paka inatofautiana na ya ng'ombe kwa asidi amino moja tu, na ya binadamu kwa nne. Wakati dawa ilipotoka kwa ng'ombe, paka alikuwa karibu na nyumbani. Mwaka 1982 insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria iliidhinishwa Marekani, na ilikuwa hatua kubwa. Hatungeweza kuendelea kutegemea vichinjio milele. Lakini kadiri ile mpya ilivyoenea, ya ng'ombe ilipotea sokoni, na wenye paka wakabaki kutafuta.

Baadhi ya insulini zilizotengenezwa kwa wanyama zilibaki na nguvu ya yuniti 40 kwa mililita. Kwa paka hiyo ni afadhali: yuniti moja ni milimita 25 za ujazo, na kiputo chetu kinachukua asilimia 17 badala ya 42. Lakini zinahitaji sirinji yake yenyewe. Ukiichota kwa sirinji ya 100 ukifuata mistari yake, unatoa dozi pungufu mara mbili na nusu. Ukifanya kinyume, dawa ya 100 kwa sirinji ya 40, unazidisha mara mbili na nusu, na hiyo ndiyo inaua, si hewa. Ni ule mkanganyiko wa mistari ya Uingereza umerudi, safari hii kwa mlango wa nyuma.

Mtu anaweza kusema: sawa, paka amepata dawa pungufu asubuhi moja, kuna nini? Shida ni kwamba kiputo hakikai sawa. Leo kipo, jioni hakipo. Sukari inapanda, unamwona paka anakunywa maji kama aliyetoka Lodwar kwa miguu, daktari anaongeza dozi. Kesho unachota vizuri, bila kiputo hata kimoja, na sasa dozi iliyoongezwa inaingia yote. Sukari inaanguka. Paka anayumba, anakakamaa, na ni saa nane usiku. Hapo ndipo hewa, ambayo haikuwa na uwezo wa kumuua, inapata njia ya kuzunguka.

Na kinyume chake ni kweli pia, ndiyo maana usahihi huu una thamani. Paka ana bahati moja ambayo mtoto wa jirani yangu hana. Kisukari cha paka, kikidhibitiwa vizuri na mapema, kinaweza kulala. Mwaka 2009 Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha utafiti wa paka 55 ambao wenyewe waliwapima sukari nyumbani na kurekebisha dozi kidogo kidogo, wakitumia insulini ya muda mrefu. Zaidi ya nusu ya paka hao walifika mahali wakaacha kudungwa. Waliofanya kazi hiyo ya kila siku hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wenye sirinji ndogo, mwanga wa dirisha, na subira ya kurudisha dawa kwenye kichupa na kuanza tena.

Huwa nawaza kuhusu yule mtu wa kiwandani aliyeamua siku moja kuchora mstari wa nusu yuniti. Hakugundua homoni na hakupewa Nobel. Alichofanya ni kukubali kwamba kuna mwili mdogo upande wa pili wa sindano, na kwamba mwili huo unastahili kupimwa kwa rula yake. Nikiingia duka la dawa nikaambiwa "hizo ndogo hazina soko," ndilo jambo ninalojadiliana nao, hata kama wao wanadhani tunazungumza bei. Wiki iliyopita tulienda na jirani yangu pamoja, tukaagiza boksi moja la sirinji za nusu yuniti, tukagawana. Mwenye duka aliuliza ni za mtoto au za paka. Jirani akamwambia aandike zote mbili.